Sindano Ndani ya Friji la Kimchi

Mama Pyo,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi nimeilaza juu ya gunia la mchele katika stoo ya shule, kwa sababu kukaa siwezi, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanilaani, maana mimi mwenyewe nimejilaani vya kutosha.

Nina miaka thelathini na mmoja, ni mtaalamu wa lishe katika shule ya msingi hapa Daegu, mimi ndiye ninayepanga watoto mia nne na ishirini wale nini mchana, nani karanga zinamdhuru, nani hagusi kamba wa baharini, na huku mimi mwenyewe utumbo wangu una ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa ndani usiopona kabisa, tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, na wanaojua ni watu wachache sana, daktari wangu, mama yangu mzazi, na yule mwanamume aliyetaka kunioa zamani, ambaye nilimweleza kila kitu kwa moyo mweupe, naye akakipeleka kwa mama yake, na mama yake akasema mbele yangu, "Hatununui tunda huku tunajua lina mdudu," uchumba ukafa siku hiyo hiyo. Nilipompata Seok-ju mama yangu akanishika mkono, akasema, "Safari hii, mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Ukishaolewa utasema." Nikaolewa mwaka jana mwezi wa kumi, na sikusema.

Kila baada ya wiki mbili nilijidunga sindano pajani, mlango wa choo nimeukomea, na sindano zenyewe nilizificha chini kabisa ya friji la kimchi, nyuma ya makopo ya hiyo kabichi ya kuchachuka anayotuletea mama mkwe kutoka Andong, kwa kuwa mume wangu hafungui friji lile, akitaka kimchi ananiita mimi. Dawa ilinishika vizuri, nilinenepa, nilicheka, nikaanza kujisahau kuwa ni mgonjwa. Shida ilikuwa meza ya mama mkwe. Kule Andong nilikula kila alichoniwekea, pilipili, figili za kuchachuka, pweza mkavu, niliogopa kuonekana naringa, naye anaongeza tu, "Kula, mkwe wangu, mifupa hiyo itabeba mjukuu gani?" nami nameza, kisha nakwenda chooni na kufungulia maji ili wasisikie.

Mwezi wa sita alikuja kwetu bila kupiga simu, akaanza kupanga makopo yake kwenye friji kwa mikono yake, akaziona. Hakuniuliza. Alimngoja mwanawe arudi kazini, akaziweka mezani mbele yake, akasema, "Mkeo anajidunga ili asizae." Seok-ju akanigeukia: "Ni kweli?" Mama Pyo, nilikuwa na pumzi moja tu ya kujibu, na katika pumzi hiyo nikawaza kwamba mwanamke asiyetaka mtoto anaweza kubadili mawazo, lakini mwanamke mgonjwa hawezi kubadili utumbo, nikasema, "Ndiyo. Ni kweli." Akasema, "Basi zitupe." Nikazitupa, wote wawili wakinitazama.

Tangu siku hiyo analala chumba kingine, na mimi sijadunga sindano wala sijarudi kliniki, hii ni wiki ya kumi na mbili. Nimeshuka kutoka kilo hamsini na tatu hadi arobaini na nne, nakwenda choo mara kumi na zaidi kwa siku na damu imo, siku nyingine sili kabisa ili tumbo linipe nafasi ya kufanya kazi. Tangu Ijumaa nina uvimbe karibu na njia ya haja kubwa, mgumu, wa moto, naona haya hata kuuandika, na homa inanitetemesha, hapa kazini nimesema ni mafua. Wiki ijayo ni Chuseok, sikukuu ya mavuno, siku tatu Andong, kuchuchumaa na kukaanga vya kuwawekea mababu, na Seok-ju amesema tukirudi tutazungumza "ya mwisho". Nivumilie mpaka sikukuu ipite ndipo niende hospitali? Na nikimwambia sasa, ataniamini vipi, ikiwa kinywa hiki hiki ndicho kilichomdanganya? Namba yangu iko chini. Tafadhali usipige akiwa nyumbani.

Gyeong-hui (jina nimelibadilisha), Daegu

*

Gyeong-hui,

Barua za wasomaji zinazokuja kwenye safu hii hungoja zamu. Yako haikungoja. Nilisoma mstari wa kwanza na aya ya mwisho, nikainua simu. Umeniruhusu nichapishe yaliyofuata, na nayachapisha kwa sababu najua si wewe peke yako unayesimama kwa kuwa kukaa huwezi.

"Homa ni ngapi?" nilikuuliza.

"Thelathini na tisa kasoro kidogo. Lakini Mama Pyo, leo tuna ukaguzi wa jiko, wageni wanafika saa sita..."

"Nani yuko karibu nawe?"

"Mpishi mkuu, Bi. Tak. Lakini yeye hajui chochote."

"Basi sasa atajua. Mpe simu."

Nilimweleza kwa sentensi mbili. Hakuuliza la pili wala la tatu. Nilimsikia akifoka, "Zima jiko hilo! Nani ana gari hapa? Na wewe, mafua gani haya ya kutembea umepinda kama bibi? Ungesema, dada!"

Mchana ule ule madaktari walipasua jipu. Walikuambia ungengoja siku chache tu, sumu ingeweza kuingia kwenye damu. Kwa hiyo swali lako la kwanza limejibiwa kwa kisu, na sina la kuongeza ila hili kwa kila msomaji mwenye ugonjwa kama wako: homa pamoja na uvimbe sehemu hiyo si jambo la kungoja sikukuu, harusi, wala ukaguzi. Unakwenda siku hiyo. Haya ya kuvua nguo mbele ya daktari huisha kabla hujavaa tena.

Nilikuomba jambo moja tu: Seok-ju akifika, asisikie kwa mtu mwingine. Ulifanya hivyo, na nakupa heshima yako, maana ulikuwa umelala ubavu, unaumwa, na sauti haitoki. Umenisimulia alivyosimama mlangoni mwa wodi na sare yake ya kiwandani.

"Zile sindano zilikuwa za ugonjwa huu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakwambia uzitupe."

Ukaitikia kwa kichwa.

"Gyeong-hui, uliona afadhali nikuchukie kuliko nikujue?"

"Niliona afadhali ubaki."

Akatoka. Hakurudi siku ile, nawe ukanipigia ukilia kwamba umekwisha. Kesho yake asubuhi akaja na begi la nguo zako, akakaa kwenye kiti mpaka daktari alipopita. Ndipo akauliza swali ambalo wewe hukuthubutu kuliuliza kwa miaka saba: mke wangu ataweza kuzaa? Daktari akamjibu kwamba wengi hubeba mimba na kujifungua vizuri ugonjwa ukiwa umetulia, kwamba kinachotishia zaidi mama na mtoto ni ugonjwa ulioamka, na kwamba dawa haiachwi wala kubadilishwa kabla ya kuwauliza madaktari. Seok-ju akainamisha kichwa. Ungeuliza wewe mapema, uvimbe huu na machozi haya yasingekuwepo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijawahi kuona methali ikimlenga mtu kwa shabaha kama hii.

Nakuhurumia, mdogo wangu. Yule mama wa tunda na mdudu alikufanyia ukatili, na mama yako alikupa ushauri wa mtu aliyeogopa. Lakini Seok-ju hakuwahi kukuita tunda. Ulimhukumu kwa kosa la mwanamume mwingine, kisha ukamwachia alale peke yake miezi mitatu akiamini mkewe hataki damu yake. Hilo ni lako, ulibebe. Bado amekasirika, umesema. Anakuletea maji lakini hakutazami usoni. Mwache akasirike. Hasira ya mtu aliyedanganywa ina muda wake, na wewe usiiharakishe kwa kulia kila akiingia. Mjibu kila anachouliza, hata akikiuliza mara nne. Hivyo ndivyo kinywa kilichosema uongo kinavyoaminika tena. Njia ya mkato sijaiona.

Sasa tumbo. Wewe, unayewajua watoto mia nne na ishirini kwa matumbo yao, lako ukaliadhibu kwa njaa! Njaa si dawa, ni ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Kwa sasa kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji wa mchele uliokorogewa yai, samaki wa mvuke, tofu laini ya soya, boga lililoiva likapondwa. Vile vinywaji vya lishe walivyokupa hospitali uvinywe, usivipange kabatini kama mapambo. Pilipili, figili na pweza mkavu vikae mbali mpaka utulie, kisha urudishe chakula kimoja kimoja huku unaandika tumbo linasemaje, kwa sababu linalomchoma mwenzako huenda lisikuchome wewe. Waombe wapime damu yako, madini ya chuma, vitamini B12 na D, maana utumbo uliovimba huiba hivyo kimyakimya. Sindano usijirudishie mwenyewe hata kama una hamu. Usaha uishe kwanza, daktari ndiye atakayetaja siku. Na zikirudi zikae kwenye friji la kawaida. Friji la kimchi lina baridi ya karibu kuganda, na dawa ile ikiganda imeharibika, yako kama ilikushika ni bahati tu.

Andong huendi. Kidonda kinahitaji wiki, si siku. Mababu watakula bila wewe mwaka huu.

Na mama mkwe? Usimpigie wewe. Ni mama wa Seok-ju, amwambie Seok-ju, tena kabla ya sikukuu, asiachie wageni waanze kuuliza mkwe yuko wapi. Amwambie jina la ugonjwa, amwambie sindano zilikuwa za nini, na amwambie kwamba ni yeye Seok-ju aliyeamuru zitupwe, ili mama yake asibebe lawama peke yake. Huenda akalia, huenda akaja juu: "Mmemwozesha mwanangu kwa hila!" Mwacheni aseme. Ana hoja. Akija na chupa ya mitishamba, ipokee kwa mikono miwili, shukuru, na usinywe tone mpaka daktari ameiona.

Kisha siku utakayoketi tena mezani kwake, akakusukumia bakuli la pilipili, wote wakakutazama, usile kwa woga na usitunge hadithi. Weka kijiko chini. Sema, "Mama, hiki kitaniumiza, naomba uji." Useme kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Akikupa, kula. Asipokupa, inuka ukajipikie, ni jikoni kwako pia.