Saa Iliyosahau Siku za Mayai

Kondele, Kisumu

Maitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wote mlio hapo nyumbani. Je, goti linaendeleaje na baridi ya Ol Kalou? Na viazi, mvua haijavioza? Sisi tu wazima sasa. Nasema sasa kwa sababu malaria ilinilaza majuzi, na katikati ya kuugua nikaingia kwenye fujo ambayo mpaka leo sielewi vizuri ilinipata vipi. Wacha nikueleze polepole.

Unaijua ile mashine ya kuangua vifaranga tuliyonunua ikiwa imetumika. Ndani yake mna kidude chenye laini ya simu. Kila asubuhi kinanitumia ujumbe kuniambia joto ni ngapi na mayai yamefikisha siku ngapi. Ujumbe huo ulinifanya mvivu, Maitu. Niliacha kuandika chochote.

Basi kuna mama mmoja anauza samaki, Mama Akinyi, wa kule Asembo Bay. Aliniletea trei mbili za mayai ya kuku wake wa kienyeji, mbegu aliyopewa na mama mkwe wake alipoolewa. Siku chache baadaye akanipigia simu, sauti imekwisha. "Mama Kamau, mdondo umeingia kwangu. Kuku wote wamekufa, hata jogoo. Nimebaki na hayo mayai tu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mashine inahesabu.

Kisha nikaugua. Siku hizo stima ilikuwa inapotea kila siku. Baba Kamau akawa anaifunika mashine kwa blanketi na kupanga mitungi ya maji moto kando yake ili mayai yasipoe. Mimi kitandani nafungua simu, naona: siku ya tisa. Nalala, naamka, siku ya tisa. Nikafikiri ni homa, labda nimelala saa moja tu. Na ujumbe nikishausoma naufuta, simu yangu hujaa haraka. Mara moja nilimwonyesha Baba Kamau tarehe iliyoandikwa mle, mwaka wa elfu moja mia tisa na themanini. Akacheka. "Mwaka huo hata mimi sikuwa nimezaliwa. Lala."

Nilipoweza kusimama, stima nayo ilikuwa imetulia, na hesabu ilianza kusonga tena. Ilipofika siku ya kumi na nne, Mama Akinyi akaja.

"Umeacha kuyageuza?" akauliza kabla hata ya kukaa. Unajua mwenyewe, yai likifika siku ya kumi na nane haligeuzwi tena. Kifaranga anajipanga kutoka, ukimzungusha anapotea.

"Bado," nikasema. "Ni siku ya kumi na nne."

"Kumi na nne? Mimi nilileta Jumamosi. Tangu hapo nimeenda kanisa mara tatu, na leo ni Alhamisi. Hesabu wewe."

Nilihesabu kwa vidole nikapata kumi na tisa. Nikahesabu tena. Nikamwita Baba Kamau, akasema mayai yalikuja Jumatatu, halafu akasema pengine Jumanne. Na badala ya kunyamaza nikamjibu mama wa watu, "Mashine haiwezi kusahau." Alitoka, akarudi na Odhiambo, fundi wa simu hapa stejini.

Odhiambo akakifungua kile kidude. "Hii kitu iko na saa yake ndani," akasema. "Stima ikipotea, saa inafaa kukula betri ndogo ya hapa, kama ile ya saa ya mkono. Ona, kiti ya betri iko, betri yenyewe hakuna. Kila stima ikirudi, saa inaamka haijui ni lini. Inaanza tena ile siku ya mwisho iliweka."

"Na hii betri kubwa ya nyuma?" nikauliza.

"Hiyo ilikufa zamani, mama."

Utadhani hapo nilielewa. Wapi! Saa imekosea, sawa, lakini je, kama Mama Akinyi naye amekosea? Nikiacha kugeuza mapema, watagandana na maganda. Nikiendelea, nawaua. Mkono ulikuwa kwenye swichi ya kugeuza na haukuenda popote. Mama Akinyi akachukua yai moja, akajifunika leso nalo, akalimulika kwa tochi ya simu. Lilikuwa jeusi lote, kifaranga amelijaza, ila nafasi ndogo ya hewa upande wake mnene. Akaliweka sikioni. Kisha akanisogezea mimi.

"Winj," akasema. "Sikiza."

Maitu, mle ndani mtu alikuwa analia, kwa mbali sana.

Nikaizima, tukayalaza chini, tukaongeza maji. Mama Akinyi hakurudi Asembo. Alikaa kwenye kigoda mpaka Jumamosi. Wa trei ya kwanza walitoka wengi. Wa trei ya pili, wengine walitoboa ganda, wakachoka, wakafia humo. Nilimwomba msamaha nikilia, nikamwambia nilisikiliza simu nikamwacha yeye. Akasema, "Wewe ulikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa mzima na sikupiga simu kuuliza."

Odhiambo ametia betri ndogo. Tulizima stima makusudi, tukairudisha, na ujumbe ukaja na tarehe ya kweli. Hata hivyo kila asubuhi bado namuuliza Baba Kamau leo ni siku gani, na akinijibu siamini.

Siku ya kuondoka, Mama Akinyi alihesabu vifaranga wanne, akawaweka kwenye kikapu changu. Nikakataa, nikamwambia yeye ndiye hana kuku.

"Si zawadi," akasema. "Wakae hapa. Ugonjwa ukirudi kwangu, usikute wote mahali pamoja."

Nisalimie dada anayekamua ng'ombe wako, mjomba mshona viatu, na shangazi wa kwaya, mwambie bado naimba. Goti ulifunge vizuri usiku.

Mimi binti yako anayekukumbuka,
Nyambura