Bata Mzinga wa Kijivu Ndani ya Matete

Alhamisi, alasiri. Jua kali, upepo hakuna, na moshi wa upande wa Ifakara umesimama wima kama nguzo.

Naandika nimekaa juu ya matete tuliyoyalaza, visigino ndani ya maji. Karatasi iko gotini, ndiyo maana herufi za leo zimelala ovyo.

Asubuhi nimemuua bata mzinga wangu wa kijivu. Nimelitaja hilo kwanza, maana nisipolitaja nitalizunguka mpaka karatasi iishe.

Tumejificha humu mtoni tangu askari wa Wadachi walipoanza kuchoma vijiji. Wanachoma nyumba, kisha maghala ya mpunga, kisha hata mpunga ulio shambani. Tuko mimi, mwanangu Agata ambaye bado ananyonya, mama mkwe wangu, na shemeji yangu Ligombi mwenye mtumbwi. Klementi, mume wangu, ni mwalimu wa dini. Alifuatana na padri kwenda Mahenge kabla vita haijaanza, na sijapata habari zake. Familia nyingine zimo humuhumu kwenye matete. Hatuonani. Tunasikiana tu mtu akikohoa.

Hakuna anayewasha moto. Tunatafuna mchele uliolowekwa na samaki wakavu.

Na katikati ya haya yote mimi nimekuja na bata mzinga wawili.

Ligombi alikataa tangu siku ya kukimbia. "Shemeji, chagua watu," alisema, mtumbwi umeshaelea. Nikamwambia watu nimeshawachagua, hawa ni nyongeza. Mama mkwe ndiye aliyemaliza maneno. Alisema nyama iliyo hai haiozi, akaliweka tenga miguuni pake. Yeye aliona chakula. Mimi sikuona chakula, wala sikumwambia.

Bata mzinga wa kwanza kabisa padri aliwaleta kutoka pwani, dume na majike, weusi wanaong'aa shaba wakipigwa na jua. Alinikabidhi mimi kwa kuwa nililelewa misheni na kuku nilikuwa nawajua. Walipototoa, katikati ya vifaranga wenye michirizi ya kahawia walitokea wachache wa njano, na hao walipoota manyoya wakawa weupe kabisa. Watu walisema mengi. Kuna walionishtaki kwamba nimebadilisha mayai.

Niliwatenga weupe, wakazaa weupe watupu. Nikarudi kwa wale weusi, wakanipa tena weusi wengi na weupe wachache. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndege mweusi anaweza kubeba weupe ndani yake miaka yote na usiuone, mpaka siku anapototoa.

Padri aliwapenda weupe. Alisema mweupe akinyonyolewa ngozi inabaki safi, lakini mweusi anaacha vidoa kama vya wino. Sawa, ni chakula chake. Mimi sikumpenda hata mmoja kuliko mwenzake, mpaka msafara ulipopita na dume wa kijivu, padri akamchukua kwa kubadilishana na mbuzi.

Sijui nieleze vipi rangi ile. Wingu lililoshiba mvua, na huku na huku vitone vyeusi, kama mtu kanyunyiza masizi. Nilimpandisha kwa majike weusi, na karibu nusu ya vifaranga wakatoka rangi yake. Tangu mwaka huo nilikuwa na jambo moja nililolitaka ambalo halikuwa la padri, wala la Klementi, wala la ukoo wa mtu yeyote. Nilitaka kundi zima la rangi ile.

Lilikuwa langu.

Vita ilipoanza, watu waliokunywa maji ya dawa, wakiamini risasi haitawapenya, walikuja misheni kuchukua kila kitu cha Wadachi. Ligombi alikuwa mmoja wao, amejifunga bua la mtama kichwani, alama yao. Walichinja karibu kundi lote mbele yangu. Alipofika kwenye tenga la mwisho akasema, "Na hawa ni wa Wadachi."

"Hawa wamezaliwa Ifakara, kama wewe," nilimjibu.

Aliniangalia, akamwangalia Agata mgongoni, akapita. Baadaye alikwenda na wenzake kuishambulia boma ya Mahenge, penye bombomu, ile bunduki inayomimina risasi. Alirudi peke yake. Habari ya maji yale haizungumzi tena, nami simuulizi.

Kwa hiyo nilibaki na dume wa kijivu na jike mmoja mweupe, binti wa yule dume wa kijivu wa kwanza, aliyekuja na msafara. Mtu asiyejua angesema jike huyo hana faida kwangu. Lakini niliwahi kumpandisha kwa dume mweusi, akanitotolea wa kijivu. Nje ni mweupe, ndani ana rangi ya baba yake. Rangi yote iliyosalia ilikuwa kwa hao wawili.

Hao hao ndio wabaya kuliko wote wa kujificha nao. Mmoja anaonekana kutoka ng'ambo kama shuka iliyoanikwa. Mwingine anaitikia. Ndivyo walivyo madume ya bata mzinga: piga ngoma, angusha sufuria, kengele ilie, naye atajibu kwa sauti yake yote kana kwamba kaitwa jina.

Jike tulimpaka tope. Ni mama mkwe aliyefanya hivyo, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta, mpaka ndege akawa na rangi ya ukingo wa mto. Alikuwa ameshaanza kuatamia humu kwenye matete, na jike anayeatamia hana kelele. Dume nilimfunika kaniki, maana gizani hutulia. Agata akilia nampa ziwa. Dume sikuwa na cha kumpa.

Asubuhi ya leo askari wakaja upande wa pili wa maji.

Tuliwasikia kabla hatujawaona. Walikuwa wanabomoa vibanda vya wavuvi. Kisha mmoja akapiga risasi, sijui kwa nini, labda aliona kiboko. Mlio ukapita juu ya maji, na kabla haujaisha, ndani ya kaniki yangu, dume akaitikia.

Kimya kikaja kote. Hata vyura.

"Umesikia?" askari mmoja akasema. Walikuwa wanazungumza Kiswahili, na juu ya maji kila neno lilifika.

"Ndege."

"Ndege gani wa mtoni analia hivyo? Huyo ni wa padri. Kuna watu mle ndani. Tafuteni mtumbwi."

Matete ya nyuma yangu yakasema, sauti ya mwanamume nisiyemjua, chini kabisa: "Mnyamazisheni huyo, la sivyo nakuja mwenyewe."

Ligombi alikuwa ameshafika, anatambaa, panga mkononi. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. "Nipe," akaninong'oneza.

"Si kwa panga. Akikatwa atapigapiga mabawa, watasikia maji yanavyochafuka."

"Basi fanya wewe. Sasa hivi, shemeji."

Niliyabana mabawa kwa magoti. Nikaingiza mkono ndani ya kaniki, nikamshika shingo. Ilikuwa ya moto. Ananijua, kwa hiyo alitulia, na hilo ndilo linalonirudia tangu asubuhi. Nilikaa hivyo nikijidanganya kwamba wataondoka, kwamba kumshika tu kutatosha.

Wakapiga tena. Nikahisi koo lake linajaa chini ya vidole vyangu, linataka kujibu.

Sikungoja. Nimeshawafanyia wengi hivyo, mkono unajua wenyewe. Alitetemeka kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na mimi nilimkumbatia na Agata yuko mgongoni, sote watatu tunatikisika pamoja bila sauti.

Nilidhani tumemaliza. Nikatazama maji nikaona manyoya.

Machache tu yalichomoka chini ya kaniki, ya kijivu, mepesi, na maji yalikuwa yanayachukua polepole kwenda mahali peupe, moja kwa moja kuelekea askari walikosimama. Niliyaona yakitoka kwenye kivuli na kuanza kung'aa.

Ligombi naye aliyaona. Mwanamume mwenye mwili kama wake angeingia majini angetikisa matete. Kabla hatujasemezana, mama mkwe alikuwa ameshashuka. Ni mwembamba kama ufito. Aliingia mpaka kidevuni bila kufanya hata duara moja la maji, mto huu wenye mamba, akayafuata manyoya yale moja moja na kuyaficha kinywani ili mikono ibaki mitupu. Askari aliyesimama ukingoni alikuwa karibu kiasi kwamba niliona vifungo vyake.

Alikuwa anatazama juu, wanakoruka yangeyange waliogutushwa na mlio.

Mtumbwi hawakuupata, kwa sababu juzi Ligombi na wanaume wengine wa humu kwenye matete waliizamisha mitumbwi yote ya upande ule. Kwa hasira wakaanza kupiga risasi ndani ya matete, huku na kule, bila kulenga. Tete moja lilikatika juu ya kichwa changu likaniangukia begani. Nilimshusha Agata mgongoni nikamziba masikio. Hakuna kilichojibu. Nilisikia mmoja akisema ndege mwenyewe labda kafa, wakacheka, na baada ya muda wakashika njia ya Kiberege.

Mama mkwe alipotoka alitema manyoya kiganjani, tukayazika kwenye tope kwa vidole. Meno yake yalikuwa yanagongana. Nilimvika kaniki ileile.

Kisha nikalia.

Sikulia siku ile walipochoma ghala letu. Sikulia nilipopita nyumba ya jirani nikaona kilichobaki mlangoni. Tangu Klementi aondoke sijatoa chozi, nikadhani nimekuwa mtu mgumu. Leo nimemlilia ndege, nimeuma kanga yangu ili nisisikike. Sijui Mungu ananionaje. Sijui kama nilimlilia ndege peke yake.

Ligombi alikaa pembeni, panga likiwa limelala mapajani. Nilitegemea aseme kwamba alinionya.

"Pole, shemeji," alisema. Halafu akaongeza: "Siku ile misheni niliwaacha kwa sababu walikuwa wazuri. Wenzangu sikuwaambia hivyo."

Ni maneno mengi kuliko yote aliyonena tangu atoke Mahenge.

Moto hatuwezi kuwasha, kwa hiyo nyama tuliikata vipande vyembamba kama kamba na kuining'iniza juani, ndani ndani penye majani mengi. Vingine tuliwagawia majirani tusiowaona. Nilipeleka fungu upande ilikotoka sauti ile iliyonitishia. Mkono ukatokea kwenye matete, ukapokea, ukarudi. Kisha sauti ikasema, "Asante, mama. Nina watoto humu." Nikamwambia najua.

Sasa Ligombi anasema hapa hapafai tena. Askari watarudi na mitumbwi ya kweli. Jua likishuka tutapanda kijito kuelekea milima ya upande wa Mang'ula, mtumbwi mmoja baada ya mwingine.

Jike hawezi kuatamia safarini. Nilijaribu kumbeba na kiota chake, akainuka, akakataa kabisa kuyalalia tena mayai. Yupo ndani ya tenga anahema, tope linambanduka, weupe unachungulia. Mayai yamebaki kwenye majani, bado ya moto. Ni mayai ya dume niliyemuua, na siku zake za kutotoa zimekaribia. Yakilala nje jioni moja tu yatapoa.

Nilikuwa nimeshaamua kuyaacha. Nataka niandike hivyo ili nisije nikajisifu baadaye. Niliyatazama, nikasema moyoni, basi, imetosha, kuna watu hawana hata kaburi la kuwekea mtoto, na wewe unawaza rangi ya manyoya. Nikaanza kufunga mchele.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye kiota. Ameivua shuka yake, anayachukua mayai moja moja, analiweka kila moja sikioni kwanza, kisha anayapanga kwenye ngozi ya tumbo lake chini ya nguo.

"Mama, acha," nilimwambia. "Umetoka kwenye maji, una baridi. Ni ndege tu."

"Nina baridi, na haya yana moto," alisema. "Njoo unifunge. Usikaze sana."

"Ulisema ni nyama."

"Nilisema. Funga."

Nilimfunga kwa kanga yangu, mzunguko baada ya mzunguko, kama tunavyomfunga mwanamke aliyejifungua. Alikuwa ananitazama usoni wakati wote. Mimi ni mke wa mwanawe na nimetoka kwa watu asiowajua, sina ukoo, sina hata kijiji. Hajawahi kuniuliza chochote juu ya ndege hawa.

"Watatoka rangi gani?" aliniuliza sasa.

Nilimwambia baadhi weupe, baadhi wa kijivu, na huenda mmoja mmoja mweusi, sitajua mpaka watoke na wakauke.

"Basi tutangoja wakauke," akasema, akashika ukingo wa mtumbwi, akaingia polepole, mkono kiunoni, kama mjamzito.

Ligombi ananiashiria. Mama mkwe hawezi kushika kafi na mzigo ule, na sijawahi kupiga kafi kinyume cha maji. Usiku huu nitajifunza.