Kengele ya Baba Haikulia

Jumatatu, 10 Juni 2024
Alama 98 kwenye jaribio la kasi! Simu mpya inafungua programu kama umeme, memori haijai kamwe. Mkuu Pyo katununulia kitengo kizima kuku wa kukaanga. Kanisifu mbele za watu: Binti Ok, hii ni kazi ya mikono yako. Nimetabasamu. Lakini mwezi jana tulikuwa 81 — na mimi sijagusa kitu cha kuongeza kumi na saba. Nani kagusa?

Jumanne, 11 Juni 2024
Mama kapiga kutoka nyumbani, Seongju. Baba kaanguka ndani ya banda la matikiti. Sukari ilishuka, kengele ya simu ya kumwonya haikulia. Kakutwa kalowa jasho, hajui hata jina lake. Sasa yuko hospitali, anagombana na manesi — afadhali. Simu uliyompa wewe, kasema mama.
Ni simu ya majaribio. Yenye kazi yangu ya memori ndani.

Jumatano, 12 Juni 2024
Nimekwenda Seongju, nimerudi. Nimeikagua simu. Programu ya sukari ilizimwa na simu yenyewe saa nane mchana ili kuokoa memori. Haiwezekani! Niliweka orodha mwenyewe: kengele za wagonjwa zisizimwe, hata memori ikijaa. Orodha ni tupu. Mfumo wa kazini unaonyesha ilifutwa tarehe 25 Mei. Kwa jina langu.
Tarehe 25 Mei nilikuwa Busan, harusini kwa kaka.

Alhamisi, 13 Juni 2024
Nimekumbuka. Gyu-min, mwenzangu kazini wa meza ya pili, alinipigia siku ile: Dada, nipe neno lako la siri, kuna kitu kidogo nimalizie. Nikampa. Mjinga mimi! Ni marufuku.
Leo nimemuuliza. Kajibu: Labda umeifuta mwenyewe ukasahau, dada — macho kwenye kibodi, masikio mekundu.
Nikamwendea Mkuu Pyo. Hakushtuka hata kidogo. Eti kengele zile zinakula memori bure, alama zinashuka, uzinduzi ni mwezi ujao, tutarekebisha baadaye. Halafu, polepole: neno lako la siri, Binti Ok, humpi mtu, sivyo?
Amejuaje?

Ijumaa, 14 Juni 2024
Saa mbili nimeirudisha orodha. Alama: 82. Saa nne mfumo umenifungia nje.
Saa tano, chumba cha mikutano. Mkuu kaniwekea karatasi moja: nakiri niliifuta mimi, kwa bahati mbaya. Nikisaini, nabaki kazini, na orodha “itafikiriwa”. Nikikataa, watauliza nani alipewa neno la siri, na hapo kazi sina. Simu zinatoka kiwandani Jumatatu. Nimeomba dakika kumi. Naandika hapa kwenye ngazi.
Simu imetetemeka. Gyu-min: Dada, usisaini. Mkuu ndiye aliyeniagiza nifute, ushahidi ninao.
Nimefungua tena nisome vizuri — ameufuta ujumbe!
Kwenye kioo cha mlango namwona Gyu-min. Anammiminia Mkuu kahawa, wanacheka. Sasa Mkuu ameinuka, anakuja huku, karatasi mkononi —