Jana Ilikuwa ya Arobaini na Tatu

Sahibu yangu Haruni,

Mke wangu Mwanaidi amenitia machozi leo, masikini, bila kukusudia. Adhana ya magharibi imekwisha, nakunja kanzu niliyokuwa nikishona, akaniuliza, "Hesabu ya Haruni leo ya ngapi?" Ulimi ukajibu wenyewe: "Jana ilikuwa ya arobaini na tatu." Nikaiacha kanzu, nikashika kalamu.

Mengi yamebadilika hapa Chole tangu ulipotutoka. Boma la Wadachi limehamia Kilindoni, na wanunuzi wako wa vikuku vya fedha wengi wamelifuata. Baraza letu limekuwa pana mno. Upande wako sijaugusa, na mvukuto wako nimeufunika nguo usiingie vumbi. Watu wanataka kuuazima, nawafukuza. Mwanaidi anasema nimekuwa mkali. Kweli nimekuwa mkali. Sina wa kutaniana naye.

Wakumbuka nilivyokuwa nikikutega? Kila mwaka, baada ya sikukuu yako ya mikate isiyotiwa hamira, ulihesabu siku arobaini na tisa, mpaka sikukuu yenu ya Taurati. Kila ikiingia magharibi wasimama, kwanza dua, halafu idadi. Nami mchokozi nakuwahi: "Haruni, leo ya ngapi?" Ungeitaja tu ya leo, umekwisha kuhesabu, na dua yako imekosa mahali. Hukunaswa hata mara moja. "Jana ilikuwa ya kumi na sita," wanijibu, huku unapuliza moto wako. Mjanja wee! Myahudi peke yako kisiwa kizima, umetoka Adeni, huna hata ndugu wa kukukumbusha, na hukupoteza siku.

Nilikupotezea mimi. Mwaka jana, ile homa. Siku ya thelathini ulinishika mkono: "Sefu, magharibi ikinikuta nimelala, niamshe." Nikasema inshallah. Nikaja, nikakukuta umepata usingizi, wa kwanza kwa siku tatu, na wallahi nikakuonea huruma. Sheria yako nilikuwa naijua, ulinifundisha mwenyewe: aliyesahau usiku huhesabu mchana bila dua, na usiku unaofuata huendelea na dua yake. Nikasema, atahesabu asubuhi. Asubuhi umelala. Adhuhuri umelala, nami nakupangusa jasho, najiona mtu mwema! Ulipofumbua macho, nje giza limekwisha kuingia. Ukaniuliza, "Giza hili la jana, au la leo?"

"La leo," nikasema, ukafahamu. Laiti ungenitukana! Ulisema tu, "Wewe fundi, Sefu. Kanzu iliyokosa kipande utaiita kamili?" Ukaniambia wapo wanavyuoni wenu wanaosema kila usiku una amri yake na dua haikatiki, lakini wewe huthubutu kulitaja jina la Mungu kwa jambo lenye shaka. Tangu hapo ukawa wataja idadi tupu, umeegemea nguzo. "Mwakani nitaanza upya, na dua yake," ulisema. Nikaingoja hiyo mwakani kuliko ulivyoingoja wewe.

Hukuifikia. Wiki mbili hazijatimia, jioni moja adhana imekwisha, nikitaka ucheke, nikakuuliza leo ya ngapi. Ukacheka kweli. "Jana ilikuwa ya arobaini na tatu." Ukanishika bega ili usimame, na hukusimama tena.

Nina hamu nawe, Haruni. Hamu ya nyundo yako, hamu ya kukuchokoza, hata ya ile kahawa yako ya tangawizi inayochoma koo. Nakaa pale barazani sindano mkononi, naitazama nafasi yako, sishoni.

Mwaka huu nimehesabu mimi, tangu usiku wa pili wa sikukuu yako. Kama nimekosea mwezi, nisamehe. Najua hesabu ya Mwislamu haiwezi kuwa kipande cha kanzu yako. Dua sisemi, si yangu. Lakini sijalala hata jioni moja. Nikimaliza barua hii nasimama penye nguzo yako, niseme: leo siku ya arobaini na nne, ndizo wiki sita na siku mbili. Zilizobaki tano nitazifikisha, mwaka huu na kila mwaka atakaonijaalia Mungu. Hiyo ni ahadi yangu kwako, na safari hii sitaivunja kwa huruma.

Buriani, sahibu. Wewe lala. Magharibi ikiingia, mimi niko macho.

Sefu