Alama za Meno kwenye Pembe Mbili

Pale pale juu ya duka la rangi,
Mlango wa kijani.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wote wa nyumba yako. U hali gani? Mgongo umekuachia kidogo? Baridi yenu ya katikati ya mwaka imepungua, au bado mnavaa makoti mawili mawili mpaka mnafanana na magodoro? Ningependa kuandika kwamba sisi huku hatujambo, halafu niendelee na habari nyingine. Lakini nikiandika hivyo, nitakuwa nimekudanganya kwenye mstari wa kwanza.

Naandika barua kwa sababu simu ya nyumba hii inashikwa na kila mtu, na haya sitaki mdogo wako ayasome. Ametoka na gitaa lake mgongoni, amekwenda kwa fundi makochi. Nina nafasi mpaka arudi.

Nianze na gitaa lenyewe, maana ndiko mambo yote yaliko. Ile Pembe Mbili uliyomletea mwaka tuliooana bado ipo, na bado anaipenda. Mimi nilishazoea kuwa wa pili. Magitaa ya umeme yako ya kila namna, lakini wenyewe wanaojua wakisema "gitaa" bila kuongeza neno, wanamaanisha hilo hilo lenye pembe mbili zinazochomoza kila upande wa shingo. Wanasema gitaa jingine lina sauti moja, ukitaka ya pili ununue la pili. Hili lako linakwenda kwenye kwaya, linakwenda harusini, linakwenda hotelini watu wakila polepole, na kote huko linaonekana lilizaliwa hapo.

Uchawi wake uko kwenye swichi. Ina vituo vitano. Kituo cha chini kabisa kina sauti kali, nyembamba, kijiko kikigonga glasi. Cha juu kabisa ni sauti nene, tamu, ya kubembeleza mpaka mtoto mwenye homa anasinzia. Hivyo vya katikati usimwulize mdogo wako kama unataka kula chakula cha moto.

Siku hizi wapenzi wa Pembe Mbili wamekuwa wengi. Kila Jumapili mchana wanakutana kwenye karakana ya fundi makochi, wanakaa juu ya makochi ya wateja, wanapakata magitaa na kubishana. Nimeona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya rangi ya kitufe cha plastiki. Mdogo wako wamempa jina la Jaji, maana yeye ndiye anayewatengenezea magitaa yao yote, na neno lake kuhusu sauti halina rufaa.

Wana mchezo wao. Kochi moja linasimamishwa wima, mtu anakaa nyuma yake na gitaa, anapiga, na waliobaki wanataja swichi iko kituo gani. Wanabishana weee, kisha wote wanamgeukia Jaji, naye anataja bila hata kuacha kutafuna karanga. Hajawahi kukosea.

Mwezi uliopita niliwapelekea chai. Nilikuwa bado mlangoni na chupa mkononi, na nyuma ya kochi alikuwa mwenzao mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, ameshika gitaa la fundi makochi. Akapiga kitu kinene, kizito, cha kulaza watoto. Mimi najua gitaa kwa kulifuta vumbi tu, lakini hata mimi nilijua ni kituo cha juu kabisa. Mdogo wako akafumba macho, akasema, "Cha chini kabisa."

Nikajua anatania, nikasubiri wacheke. Wifi, hakucheka mtu. Mwalimu wa hesabu, naye ni wa kikundi, akasimama akaanza kufafanua kama yuko ubaoni: Jaji hakosei, Jaji kasema ni cha chini, basi gitaa hili nyaya zake zilifungwa kinyume tangu kiwandani. Fundi makochi badala ya kutetea mali yake akafurahi, eti siku zote alihisi kuna kasoro mahali. Wakashika bisibisi, wakalifungua palepale juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakahamisha nyaya, wakalehemu. Kituo cha juu wakakifanya cha chini. Walipomaliza wakampigia Jaji makofi.

Nilikuwa namtazama mdogo wako. Alikuwa anatabasamu, lakini chai niliyompa ilikuwa inamwagikia kwenye sahani.

Tangu siku hiyo kila Jumapili kuna mtu analeta gitaa lake "linyooshwe". Hivi ninavyokuandikia wanageuza la mwalimu mwenyewe. Watu wenye mapenzi ya kweli, wanaopangusa magitaa yao kwa fulana laini kuliko wanazovaa, wanaharibu moja baada ya jingine ili yalingane na masikio ya mtu asiyesikia. Ningecheka mpaka mbavu ziniume kama mtu huyo asingekuwa mume wangu.

Ndiyo, Wifi. Mdogo wako hasikii, na kila siku anasikia pungufu ya jana. Nimeliandika sasa, maana kulisema sijapata wa kumwambia.

Dalili zilikuwepo, mimi ndiye niliyezisoma vibaya. Amplifaya ameipandisha mpaka vikombe vinatembea kabatini. Kiongozi wa bendi anayopigia amemwonya kwamba wageni hotelini wanahama meza. Nikimsemesha kutoka jikoni, kimya. Nikaona ananidharau, nikanuna wiki nzima, wala hakugundua kwamba nimenuna. Halafu siku moja tunavuka barabara, lori linarudi nyuma, dereva anapiga honi hadi watu wanatoka madukani, na yeye anatembea tu kama yuko sebuleni kwake. Nilimvuta shati mpaka kifungo kikabaki mkononi mwangu. Akanigombeza kwa kumchania shati.

Lakini lililonimaliza ni meno. Unajua kazi yangu, niko mapokezi kwa daktari wa meno. Kutwa napokea na kupanga vipande vya nta ambavyo watu wameviuma ili wapimwe, na alama za meno nimezizoea kama wengine walivyozoea sura za watu. Sasa nilikuwa nafuta gitaa, nikaona ile pembe ya juu rangi imebanduka. Nikasema panya. Nikalisogeza dirishani. Panya gani ana mwanya? Meno mawili ya mbele, na katikati yake ule mwanya wenu wa ukoo, aliokuwa nao mama mkwe, ulio nao wewe, ulionifanya mimi nikubali kuolewa na mtu asiye na hata meza.

Nikarudi nyumbani mapema mchana mmoja nikitaka kumfuma. Nilimkuta ukingoni mwa kitanda. Gitaa halikuchomekwa kwenye umeme. Pembe ameiuma, macho ameyafumba, anapiga taratibu, machozi yanamtiririka hadi kwenye nyuzi. Nilikuwa na viatu vya kisigino na sakafu yetu unaijua inavyolia, lakini hakugeuka. Nilirudi kinyumenyume, nikashuka ngazi, nikaingia duka la rangi nikajifanya nachagua rangi ya ukuta.

Nilimwuliza daktari wetu, nikasema ni jirani. Akanieleza kwamba sauti inaweza kupita kwenye meno na mfupa hata kama njia ya sikio imeziba. Kuna maradhi ya namna hiyo, yanaanza kidogo kidogo, na mara nyingi yanatembea katika ukoo. Wataalamu wa masikio wanaweza kusaidia, kwa upasuaji au kwa kifaa, ila mtu aende akapimwe. Kisha akauliza, huyo jirani, kwao kuna mwingine? Nikasema sijui. Nilirudi kwa miguu siku hiyo, na sikumbuki njia niliyopita.

Nilimkabili mume wangu, nikitazamana naye ili anisikie. Kwanza akawa mkali: "Masikio yangu mazima. Nyinyi ndio mmeanza kunong'ona!" Nikamwonyesha pembe. Akaipapasa kwa kidole. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, ya kwanza ya chini niliyoisikia kwake siku nyingi: "Ungekuwa wewe, ungempelekea kiziwi gitaa lako?"

Alinitazama akangoja, nami nikashika kitambaa nikaanza kufuta gitaa, na hilo linaniuma mpaka leo. Tangu hapo hataki tuligusie. Nimebembeleza, nimefoka, nimegoma kupika, nimepika anachokipenda. Aliniapisha nisimwambie mtu wa huku. Wewe si wa huku. Wifi, maji yamenifika shingoni. Usiku na mchana ninasubiri lori lingine, na safari hiyo sitakuwepo wa kuvuta shati.

Sasa naomba usinikasirikie kwa haya yanayofuata.

Unakumbuka mama mkwe alivyokuwa akisikiliza redio? Aliilalia, shavu juu yake kabisa, nasi tukimtania kwamba ana mapenzi na msoma habari. Akituita tukiwa chumba kile kile alipiga kelele kama tuko ng'ambo ya mto. Tulisema ni ukali.

Na wewe. Miaka sasa hupokei simu. Ikilia unakata, unatuma ujumbe: "Andikeni." Huku watu walisema umepata maisha, sauti zetu zinakuchosha, na mimi sikuwabishia. Lakini juzi nilikaa nikakukumbuka ulivyokuja likizo ya mwisho. Ulikuwa unamtazama kila anayesema mdomoni. Nilidhani unaangalia jino langu lililopasuka, nikawa naziba mdomo kwa kiganja, na kila nikiziba ulikuwa unakunja uso. Mzaha ukisemwa ulicheka baada ya wengine kumaliza. Wifi yangu, kumbe hukuwa na majivuno hata chembe. Ulikuwa peke yako katikati yetu, na sisi tulikuwa tunaona umekaa nasi.

Kama nimekosea, ichane hii barua, uninunie, nitakuja kukuomba radhi kwa magoti. Kama sijakosea, basi nakuomba mwandikie mdogo wako. Kwa mkono wako mwenyewe. Mimi nikimwambia ni maneno ya mke, daktari akimwambia atasema ni biashara. Wewe ulimbeba mgongoni, wewe ndiye uliyempa hilo gitaa. Mwambie na wewe husikii. Mwambie kama ulikwenda kutibiwa na walikufanya nini. Na kama hukwenda, kama wewe pia umejificha huko kwenye makoti yako miaka yote, basi mwambie ilivyokugharimu. Huyo atakusikiliza.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeweka kalamu chini, nimeichukua tena.

Ni kuhusu somo yako. Binti yetu tuliyempa jina lako amekuwa mrefu, ananipita kimo, na amerithi kila kitu chenu, hadi kupenda Pembe Mbili. Baba yake akiliweka, yeye analichukua. Shule wamemhamishia dawati la mbele, walimu wanasema akili anayo ila hatulii akasikiliza. Nimemgombeza kwa hilo, tena sana.

Jana nilikuwa nafuta lile gitaa. Chini kidogo ya alama za baba yake kuna alama nyingine. Ni mpya, rangi bado ina kingo kali. Ni ndogo. Zina mwanya.

Huenda anamwiga tu baba yake, watoto ndivyo walivyo. Nimejiambia hivyo tangu jana, nimejiambia mpaka maneno yenyewe yamekwisha ladha. Sijathubutu kumwuliza. Nimepata ujasiri wa kukuuliza wewe: ulikuwa na umri gani ilipoanza? Hata kama hutamwandikia mdogo wako, hata kama umenichukia, nijibu hilo moja tu.

Msalimie shemeji na vijana wote, mwambie yule wa mwisho picha yake ya mahafali nimeitundika palipokuwa na kalenda. Huku muuza rangi wa chini anakusalimu, anauliza utakuja lini umchagulie mke. Fundi makochi naye anakushukuru kila akiiona Pembe Mbili. Mungu akufunike huko uliko, akupe usingizi mzuri na mtu wa kukaa naye.

Hapa chini nimeacha nafasi somo yako akuandikie salamu zake mwenyewe. Yupo chumba cha pili, mlango uko wazi, amenipa mgongo, anakunja nguo. Nyumba imetulia, hakuna redio wala gitaa. Nimemwita aje. Nimemwita tena.



Ni mimi nikupendaye, leo kuliko siku zote,
Wifi yako.