Saa Nzima ya Kituo cha Mafuta

Dada Neema,

Shikamoo. Mvua ya Guangzhou haijakatika tangu juzi, lakini kilichoniudhi si mvua.

Asubuhi nilikuwa nakunywa uji wa mchele hapa hotelini Xiaobei, mtaa tunakofikia wafanyabiashara, akaja Mmarekani mmoja, mwalimu wa Kiingereza, mtu mzima na mvi zake. Akasogeza bakuli langu, akatandaza ramani. Anaenda kwao likizo, anapanga matembezi ya siku mojamoja kwenye barabara kuu ya zamani ya Marekani. Kituo cha mafuta kilichokufa amekitengea saa nzima, eti ni cha kihistoria!

Mji mmoja ameuzungushia duara. Nikauliza pana nini.

"Anakaa dada yangu mkubwa."

"Utalala kwake?"

"Hapana, nitapita tu. Ratiba imebana."

Dada, uji ulinipalia! Nikamwambia, "Mwalimu, huoni haya? Pampu zenye kutu unazipa saa nzima, aliyekubeba mgongoni humpi hata hodi?"

Hakukasirika. Aliniuliza tu kama nami nina dada, na kama nikirudi nitalala kwake.

Mara tatu sasa nimetoka Dar na basi la moja kwa moja hadi kwangu Mbeya, nikapita hapo Ipogolo, chini ya mji wako wa Iringa, nautazama mlima wako dirishani, eti nawahi mzigo.

Safari hii mzigo utangulie. Nashuka Iringa. Mungu akutunze mpaka nibishe hodi, na usiinjike chungu: nigombeze kwanza, ndipo tule.

Mdogo wako,
Tumaini