Kovu Tumboni mwa Ng'ombe

Pujini, 2 Novemba 2024

Mdogo wangu Ishak,

Assalaam alaykum. Hujambo? Mgongo wako je? Mie mzima, ila kitambi sasa kinafika shambani kabla yangu. Mama hajambo, anakusalimu.

Mwalimu Mwatum katuletea kijitabu cha maonesho yenu ya makumbusho. Mle nimemwona yule ng'ombe wa udongo, aliyeokotwa na Mama kwenye tuta la muhogo, ukamchukua ati unakwenda kumwonesha mtaalamu. Chini yake: “Amevumbuliwa na Ishak.” Hata maneno ya Mama, kwamba alama za vidole tumboni ni ndogo, basi aliyemfinyanga ni mtoto akicheza huku mamake akipika, nayo yamekuwa yako! Mama, asiyejua kusoma, kaniuliza, “Jina langu liko wapi?” Nikajitia kutafuta miwani.

Sina kinyongo, nitakiweka wapi na kitambi hiki? Nakutumia ng'ombe mwingine, katoka hapahapa kwetu. Mchunguze.

Kaka yako,
Talib

Unguja, 14 Novemba 2024

Kaka Talib,

Waalaykum salaam. Mgongo afadhali.

Kaka, ng'ombe huyu kampita yule! Nundu yaonesha ng'ombe waliofugwa. Tundu la puani, kwamba walitiwa kamba. Tumboni mna alama ya kidole gumba chenye kovu la mshazari. Basi mfinyanzi huyu hakuwa mtoto: alikuwa mkulima, mtu wa panga, akiwafinyangia wanawe. Ng'ombe wa miaka mia nane! Kibao chake cha maelezo nimeshaandika. Jumamosi tarehe 30 nitawaeleza wageni mbele ya mkurugenzi.

La jina la Mama, kaka, vibao ni vidogo. Msalimie.

Mdogo wako,
Ishak

Pujini, 20 Novemba 2024

Mdogo wangu Ishak,

Assalaam alaykum. Nafurahi mgongo una nafuu. Utauhitaji kwa kuinama.

Umesoma vyema, kama Mama alivyokufundisha. Mkulima, kweli. Wa panga, kweli. Ila hajafa, yuko hapa anakula muhogo. Kovu hilo ulinitia wewe tukikata madafu, ukaapa kwa Mama kuwa nimejikata mwenyewe, nikachapwa mie. Miaka arobaini nimelitunza, sikujua lina kazi gani mpaka nilipokiona kijitabu chako. Nilifinyanga ng'ombe wanane. Saba walitoka kama mbuzi wenye mimba. Huyo wa nane Mama alimchoma kwa makumbi ya nazi, akamzika majivuni, anacheka mpaka machozi.

Jumamosi tutakaa viti vya mbele. Kibao cha ng'ombe wa kwanza kisipoandikwa jina la Mama, “Moza binti Kificho”, nitanyanyua kidole niulize swali. Kidole gani, unakijua.

Kaka yako,
Talib

Unguja, 26 Novemba 2024

Kaka,

Kibao cha Mama tayari, herufi kubwa. Yule mwingine nimemwondoa. Nakuombeni radhi. Tafadhali msije.

Mdogo wako

Pujini, 27 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Tiketi za boti tumeshakata. Mwalimu Mwatum kamfundisha Mama kusoma maneno matatu tu. Utamshika mkono, umpeleke mbele ya wageni wako ayasome kwa sauti. Mie nitakuwa nyuma yenu, gumba nimelitia mfukoni.

Kwa sasa.

Kaka yako